Mtoto Ajulikane, Jamii Yake Isinyang'anywe Neno

Mada kwa viongozi wa walei na wajumbe wa kamati za shule, Mtama



Ndugu waamini na viongozi wapendwa, jambo tunaloliweka mbele yenu laonekana dogo, nalo ni kile kinachoandikwa juu ya mtoto siku anapopelekwa shule. Katika mkoa wetu wa Lindi wamo watoto wa jamii za wafugaji wanaoingia katika shule za Serikali pamoja na watoto wetu. Shule isipowatambua, haiwezi kuwasaidia. Lakini utambuzi nao waweza kuwadhuru, ukifanywa na watu wasiowauliza wazazi wao, kwa ajili ya matumizi wasiyoyajua. Tunataka basi kutafakari pamoja jinsi ya kumjua mtoto bila kuinyang'anya jamii yake neno juu ya habari zake yenyewe.

1. Watoto hawa ni nani

Wakazi wa siku nyingi wa Mtama na wilaya jirani tunajuana: Wamwera, Wamakonde, Wayao, Wamakua, na kuelekea Kilwa na Liwale, Wangindo, Wamatumbi na Wamachinga. Tulio wengi ni watu wa jembe, watu wa korosho, ufuta na mihogo. Kati ya mwaka 2006 na 2007 Serikali iliwaondoa wafugaji katika bonde la Usangu na Ihefu, wilayani Mbarali, kwa nia ya kuokoa maji ya mto Ruaha Mkuu. Wengi wao walielekezwa kwenda mikoa ya Lindi na Pwani. Ndipo familia za Wasukuma, Wabarbaig na Wamasai zilipofika na mifugo yao katika wilaya za Kilwa, Lindi, Nachingwea na Liwale.

Kwa Wabarbaig, kuhama huko hakukuwa kwa kwanza. Katika nyanda za Basotu, wilayani Hanang, ekari zipatazo 100,000 za malisho yao zilikuwa zimegeuzwa mashamba ya ngano ya shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, hasa katika miaka ya 1970. Baadhi ya familia zilianza safari ndefu ya kutafuta nyasi. Hivyo mtoto wa Kibarbaig anayeketi leo katika dawati la shule ya kijiji huku kusini aweza kuwa ametoka katika ukoo uliohamishwa zaidi ya mara moja.

Wengine watauliza: sisi ndio wenyeji hapa, wageni hawa wataitwaje watu wa asili? Swali ni halali. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ililijibu katika taarifa ya kikundi chake cha kazi iliyopitishwa mwaka 2003. Ilieleza kwamba katika Afrika neno hilo halimaanishi nani alitangulia kufika mahali. Lahusu jamii ambazo maisha yao hutegemea ardhi na mila kwa namna ya pekee, ambazo zimesukumwa pembezoni na ambazo hujitambua zenyewe kuwa hivyo. Katika nchi yetu jamii zinazojitambua hivyo ni Wamasai, Wabarbaig, Wahadzabe na Waakie. Serikali yetu kwa upande wake hushikilia kwamba Watanzania wote wenye asili ya Kiafrika ni watu wa asili. Hata hivyo, tarehe 13 Septemba 2007 Tanzania ilipiga kura ya kuliunga mkono Tamko la Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Watu wa Asili. Hatuhitaji kumaliza ubishi wa maneno ili tuone kwamba mtoto huyu ana mahitaji yake.

2. Kwa nini hawaonekani

Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila katika Tanzania. Sensa za miaka 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022 hazikuuliza. Takwimu za elimu zinazochapishwa na Serikali nazo huwahesabu wanafunzi kwa jinsi, umri, darasa na ulemavu, wala si kwa kabila. Hatulaumu uamuzi huo. Umetusaidia kujenga taifa ambalo mtu aweza kuzaliwa Nachingwea, akafundisha Bukoba na kuoa Moshi bila kuulizwa ukoo wake. Hiyo ni tunu ambayo majirani zetu wengi hawakuipata, na yatupasa kuilinda.

Hata hivyo kila sera ina kivuli chake. Kwa takwimu tulizo nazo, haiwezekani kujua ni watoto wangapi wa Kibarbaig walioandikishwa darasa la kwanza katika mkoa wetu, na wangapi walifika darasa la saba. Wamezama ndani ya hesabu ya jumla. Mtoto anayezungumza Kidatoga nyumbani huingia darasa ambalo kila neno ni Kiswahili. Akinyamaza huhesabiwa kuwa mzito wa akili. Familia ikihamisha ng'ombe wakati wa kiangazi, daftari la mahudhurio huandika utoro. Boma likiwa mbali na kijiji, umbali huo hauonekani katika hesabu yoyote inayopelekwa wilayani, na hivyo ombi la shule shikizi halipati nguvu. Mficha maradhi, kifo humwumbua. Ubaguzi usiopimwa haukomi. Hukosa tu shahidi.

3. Hatari ya orodha

Je, dawa ni kuongeza safu ya kabila katika kitabu cha uandikishaji? Tusikimbilie huko. Pwani yetu yajua maana ya kuhesabiwa pasipo kuheshimiwa. Katika karne ya 19, forodha ya Kilwa Kivinje ilihesabu watumwa kichwa kwa kichwa kwa ajili ya ushuru wa Sultani wa Zanzibar. Hesabu ilikuwapo, lakini haikumwokoa hata mmoja, kwa kuwa haikuandikwa kwa ajili yao.

Rwanda yatufundisha jambo zito zaidi. Wabelgiji waliingiza kabila katika vitambulisho katika miaka ya 1930, na desturi hiyo ikaendelea baada ya uhuru. Mashuleni wanafunzi wa Kitutsi walisimamishwa mbele ya wenzao wahesabiwe. Mwaka 1994, katika vizuizi vya barabarani, neno moja lililoandikwa kwenye kadi lilitosha kumpeleka mtu kwenye kifo. Walioandika neno hilo mwanzoni huenda hawakuwaza mauaji. Lakini orodha huishi kuliko nia ya aliyeiandika.

Tuje sasa kwetu. Twajua kwamba tangu wafugaji walipofika, migogoro ya mashamba na malisho imetokea katika mkoa huu, na pande zote mbili zimeumia. Mkulima aliyeamka na kukuta mihogo yake imeliwa ana madai ya haki. Lakini fikirini: mwalimu akiandika kwa nia njema majina ya watoto wa wafugaji, majina ya baba zao na mahali maboma yao yalipo, karatasi ile ile yaweza kutumika siku ya hasira kujua ni nani wa kufukuzwa. Mzazi aliyekwisha kuhamishwa kwa nguvu analijua hilo kabla yetu. Akiona karatasi inaandikwa, aweza kumwondoa mtoto shuleni, nasi tukasema kwamba wafugaji hawapendi elimu.

Maandiko Matakatifu yanatuonyesha hesabu za namna mbili. Mfalme Daudi aliamuru watu wahesabiwe apate kujua idadi ya wanaume wa vita alio nao, na hesabu hiyo ikaleta tauni juu ya watu. Mchungaji mwenye kondoo mia naye alihesabu, akagundua kwamba mmoja hayupo, akaenda kumtafuta. Tofauti haiko katika kuhesabu, bali katika lengo la hesabu na katika anayefaidika nayo.

4. Jina litokalo kwa wengine

Tuseme safu ya kabila imewekwa; mwalimu ataandika nini? Huku kwetu wengi huwaita Wabarbaig kwa jina la Wamang'ati. Jina hilo limetoka katika Kimasai, na maana yake ni adui. Wenyewe hujiita Wabarbaig, tawi la Wadatoga. Hali kadhalika Waakie wa Kiteto na Simanjiro wameitwa Wandorobo, neno lililotokana na Kimasai lenye maana ya watu wasio na ng'ombe, yaani maskini. Daftari la shule likiandika majina hayo, litakuwa limehifadhi tusi kwa wino wa Serikali.

Watu wa Lindi tusishangae. Wamachinga ni watu wetu, nao wana vijiji, lugha na wazee wao. Lakini leo nchi nzima hulitumia jina lao kumwita kila auzaye bidhaa mitaani, wala hakuna aliyewaomba ruhusa.

Tena, kilichochukuliwa kwetu si jina peke yake. Katika kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi wakubwa wa kale kati ya mwaka 1909 na 1913. Wapagazi wa huku waliibeba kwa vichwa na mabega kwa siku kadhaa hadi bandarini Lindi, ikapelekwa Berlin, na huko iko hadi leo. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Mwaka 2007 ndipo mnyama mmoja wa Tendaguru alipopewa jina la kumkumbuka, Australodocus bohetii, karibu miaka 100 baada ya kazi yake. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi nao wamechunguzwa na wataalamu wa nchi nyingi kwa miongo mingi. Mwaka 2014 ulichapishwa hata uchunguzi wa vijidudu vya matumboni mwao. Dunia yajua mengi juu ya Wahadzabe. Swali la haki ni hili: ni kiasi gani cha ujuzi huo kimewarudia wao, na ni nani aliyewauliza kwanza?

5. Wengine walivyolikabili jambo hili

Nchini Marekani yamo mataifa ya wenyeji wa asili zaidi ya 570 yanayotambuliwa na serikali kuu, nayo yana madaraka yake. Kwa sheria ya mwaka 1972, shule za umma hupata fedha za kuwasaidia watoto wao. Mzazi hutia sahihi fomu inayotaja taifa la mtoto, na uanachama wa taifa huamuliwa na taifa lenyewe, si na mwalimu. Lakini upo upande wa pili. Kwa mwongozo wa mwaka 2007, mtoto aliyetajwa kuwa wa asili na pia wa rangi nyingine aliwekwa katika fungu la wenye asili zaidi ya moja, na aliyetajwa pia kuwa Mhispania alihesabiwa kuwa Mhispania tu. Hivyo watoto wengi wa asili walitoweka katika hesabu iliyodaiwa kuwahesabu. Sheria ya mwaka 2015 imezitaka wilaya za elimu zinazohusika kushauriana na mataifa hayo.

Kanada ilipata kanuni nne mwaka 1998, zilizotungwa na wenyeji wa asili wenyewe: jamii imiliki habari zake, iziongoze, iweze kuzifikia na iwe na mahali pa kuzihifadhi. Katika Afrika, Wasani wa Afrika Kusini walitangaza mwaka 2017 maadili yao kwa watafiti, wakidai heshima, ukweli, haki na uangalizi. Hawakusema watafiti wasije. Walisema waje kwa mlango.

Mfano wa Kenya wawahusu ndugu zetu wa damu. Wamakonde waliotoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba makubwa ya pwani walikaa Kenya kwa vizazi bila kutambuliwa kuwa raia. Mwaka 2016 walitembea kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai haki yao, na mwaka 2017 wakatambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 la nchi hiyo. Kwao, kuandikwa kulikuwa ukombozi. Tofauti yao na wale wa Rwanda ni kwamba wao wenyewe waliomba kuandikwa, kwa jina walilolichagua, kwa haki waliyoijua.

6. Sheria ya nchi yetu

Katiba yetu, katika ibara ya 13, yakataza kumbagua mtu kwa sababu ya kabila au mahali alipotoka. Ibara ya 16 yalinda faragha yake. Ibara ya 17 yampa kila raia uhuru wa kuishi popote nchini. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yaweka habari zinazomhusu mtoto na zile zinazofichua asili au kabila la mtu katika fungu la habari nyeti. Habari za namna hiyo zahitaji kibali cha maandishi kabla ya kutumiwa, na kwa mtoto, kibali hicho hutolewa na mzazi au mlezi. Basi karatasi ya siri ya majina ya watoto wa wafugaji, hata ikiandikwa kwa upendo, yaweza kuwa kinyume cha sheria.

7. Yatupasa kufanya nini

Wengi kati yenu mmo katika kamati za shule na serikali za vijiji. Twapendekeza mambo matano.

Kwanza, tuulize hitaji, si kabila. Maswali manne yatosha: mtoto hutumia lugha gani nyumbani, hutembea umbali gani, familia huhama miezi ipi, je, amesoma shule nyingine kabla ya hii. Majibu hayo yatamwezesha mwalimu kupanga msaada wa lugha, kushughulikia uhamisho mapema, kumpeleka aliyechelewa katika mpango wa MEMKWA, au kudai shule shikizi.

Pili, tukiri kwamba hata lugha hufichua asili. Kwa hiyo mzazi aelezwe kwa lugha anayoielewa: kwa nini tunauliza, ni nani atakayesoma, na kwamba akikataa mtoto hatapoteza nafasi yake. Asiyejua kusoma asisukumiwe karatasi aweke dole gumba.

Tatu, kabla ya kuuliza familia moja moja, tukutane na wazee wa jamii hiyo, wanaume kwa wanawake. Wakitaka jamii yao itajwe kwa jina, na itajwe kwa jina wanalojiita wenyewe. Wakisema isitajwe, neno lao liheshimiwe.

Nne, majina yabaki kwa mwalimu mkuu chini ya kufuli. Kitakachotoka kwenda kata na wilaya kiwe idadi tu. Na penye kijiji chenye familia mbili au tatu za wafugaji, hata idadi ni jina; hapo hesabu iunganishwe na ya vijiji vingine.

Tano, matokeo yarudishwe kwa wenyewe. Mwisho wa mwaka wazee hao waketi na kamati, waambiwe watoto wangapi walibaki, wangapi waliondoka, na nini kimefanyika. Hesabu isiyorudi kwa aliyehesabiwa ni kodi nyingine juu yake.

Hapo tunasikia mnong'ono: mbona wageni wapewe uangalizi ambao watoto wa wenyeji hawana? Jibu letu ni kwamba maswali haya manne aulizwe kila mtoto. Yupo mtoto wa Kimwera anayetembea mbali kama mtoto wa boma, na yupo mtoto wa Kimakonde aliyelelewa na bibi ambaye Kiswahili chake ni haba. Utaratibu uliotungwa kwa ajili ya aliye pembezoni utamfaa na aliye katikati. Na siku watoto hawa watakapokuwa wameketi pamoja miaka saba, wakajuana kwa majina, huenda mgogoro wa shamba na malisho utapata wasuluhishi ambao sisi wazazi tumeshindwa kuwa.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika shule ya kijiji chetu, je, wapo watoto walioacha masomo ambao hakuna aliyeuliza walikokwenda?
2. Ni majina gani tunayowaita majirani zetu ambayo wao hawajiiti? Tufanye nini kuanzia wiki hii?
3. Jumuiya yetu yenyewe ina orodha zipi za watu, kama orodha ya maskini au ya wagonjwa? Ni nani anayezitunza, na je, walioandikwa wanajua?
4. Ni nani kati yetu atakayezungumza na wazee wa wafugaji walio karibu nasi, kabla kamati ya shule haijakutana tena?